Sifa za Bei ya Mwisho

Naisifu bei ya mwisho ya gari la mtumba, ile ambayo haijawahi kuwa ya mwisho. Husikika kuanzia Longech, kwenye Ghuba ya Ferguson ya Ziwa Turkana, hadi Lodwar na Kakuma, na daima huja na kiapo: "Haki ya Mungu, mzee, hata mimi nililinunua kwa zaidi ya hiyo." Baada ya chai ya pili hushuka kwa elfu hamsini. Kiapo hakishuki.

Tazama ilivyo na haki! Serikali huajiri mamlaka nzima ya mapato ili ijue nani anacho. Dalali wa Lodwar huitimiza kazi hiyo kwa kuvitupia jicho viatu vyako. Mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Kalokol, aliyezoea kupigania kila shilingi, hupewa bei ya binadamu. Anayeshuka na kizibao cha shirika hupewa bei ya mfadhili. Ikiwa anayeumia zaidi si tajiri bali mwalimu mwenye mkopo wa sako, asiyeijua sauti ya gia iliyochoka, hiyo ni karo tu.

Wamarekani walijaribu kuiua bei hii ya kujadiliana. Mwaka 1990 General Motors ilianza kuuza Saturn, gari la bei moja kwa wote. Kufikia 2010 Saturn ilikuwa imezikwa. (Wataalamu wanataja sababu nyingine. Mpambe mzuri hawasikilizi wataalamu.) Mwaka 1991 msomi wa sheria Ian Ayres alichapisha utafiti wake wa wauza magari wa Chicago: wanunuzi walifunzwa kujadiliana kwa namna moja, lakini wanaume weupe wakapata bei nafuu kuliko wanawake na watu weusi. Huo ndio usomi: hata viatu haukuvihitaji.

Huku kwetu bei iliyobandikwa kiooni ndiyo hutiliwa shaka. Ngamia hana bei kwenye paji la uso. Anayekataa kuzungumza anaficha nini? Bila mabishano ungejuaje kwamba gari liliwahi kulala ndani ya laga ya Kawalase, mto wa msimu wa Lodwar? Ndugu wa muuzaji hulitamka hilo mwenyewe, katika joto la kulitetea.

Ukishalipa, nenda ukajaze mafuta. Hapo bei hutangazwa na mamlaka ya nishati, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi, na kijana wa pampu haapi, haagizi chai, hakuiti ndugu. Watu hulipa wakinung'unika. Yule aliyezidishiwa laki nzima kwenye gari utamkuta hotelini, akisimulia alivyomshinda dalali.