Misingi ya Nyongezolojia kwa Gesti za Gongoni

Nyongeza ni kitu ambacho mgeni hulipia juu ya bei ya chumba kwa hiari yake: ndoo ya maji ya moto, kufuliwa shati, bajaji ya kumpokea stesheni, chupa ya asali ya kurudi nayo nyumbani. Elimu ya kuziingiza nyongeza hizo katika mfumo wa kubuku vyumba mtandaoni huitwa Nyongezolojia. Neno hilo halimo katika kamusi yoyote, na hiyo ni aibu ya kamusi. Bingwa wake wa kwanza, na hadi sasa wa pekee, yuko kata ya Gongoni, Manispaa ya Tabora. Ubingwa alijitunuku mwenyewe, baada ya kuikalia kompyuta ya mapokezi ya gesti moja ya vyumba tisa kwa siku nne mfululizo, kila umeme ulipokuwepo.

Wako wanaodhani kuwa elimu hii ilikuja na intaneti. Hao wasamehewe, kwani hawakusomea Tabora. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, mfanyabiashara wa Kiarabu Snay bin Amir aliwakirimu na kuwahangaikia mahitaji yao. Nyumba waliyolala ndiyo chumba. Wapagazi wapya wa kuendelea na safari ndio nyongeza. Kilichokosekana ni kitufe cha kubonyeza tu.

Fomu ya nyongeza huanza na jina. Hapa hakuna la kujadili sana: iandikwe ndoo ya maji ya moto, lita 20, hadi mlangoni. Anayeandika “huduma maalumu ya usafi wa mwili” atapigiwa simu saa sita usiku aeleze maana yake.

Baada ya jina huja bei, na baada ya bei huja kipimo cha bei, ambacho ndicho moyo wa elimu yote. Mfumo humtaka mwenye gesti aseme kama bei inahesabiwa mara moja kwa ukaaji mzima, kwa kila usiku, kwa kila kichwa, au kwa kila kichwa kila usiku. Wengi hupita hapo mbiombio kana kwamba wanafukuzwa na mbwa. Bingwa anapendekeza mfano usiopingika. Mmisionari Livingstone alifika Kwihara, nje kidogo ya mji, pamoja na mwandishi wa habari Stanley tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki hadi tarehe 25 Agosti. Kwa hesabu ya mapokezi, Stanley alilala usiku 25 na mwenzake mzee usiku 189, kwa kuwa Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku 29, jambo ambalo Bingwa alilihakiki kwa vidole mara tatu. Ndoo ikiwa shilingi 1,000 kwa kila kichwa kila usiku, bili ni shilingi 214,000. Ikiwa ni kwa ukaaji mzima, bili ni shilingi 1,000, na mwenye gesti amechemsha maji nusu mwaka kwa bei ya vocha. Tofauti yote hiyo imo katika kijisanduku kimoja kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho.

Misafara ya enzi zile, iliyolipa kwa nguo, nayo iliumizwa na jambo hilohilo la kipimo. Nguo ya merikani ilipimwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, na mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ncha ya kidole cha nani? Bingwa ana hakika kwamba wenye duka walimweka kijana mfupi wa kuuza na mrefu wa kununua, ingawa ushahidi wake ni kwamba yeye angefanya hivyo.

Bajaji ya stesheni ina ugumu wake. Treni imekuwa ikishusha watu Tabora tangu reli ya kati ilipofika hapa mwaka 1912, na si mara zote hushusha kwa saa za waungwana. Bei iwekwe kwa safari, si kwa kichwa, kisha kijazwe kisanduku cha idadi ya juu: abiria watatu. Kikiachwa wazi, familia ya watu saba itabonyeza bajaji moja kwa nia njema kabisa, na mfumo utawajibu asanteni.

Linalofuata ni suala la hiari, na hapa Bingwa huvua kofia. Mfumo hutoa nafasi ya kuifanya nyongeza iwe ya lazima, au kuitia tiki kabla mgeni hajafika. Vishawishi vyote viwili vina babu mmoja, naye ni hongo. Misafara iliyokatiza Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili ipite na ipate maji, na hakuna aliyeulizwa kama anaihitaji. (Neno hilo limebadilisha kazi tangu enzi zile, lakini halijahama mbali.) Kitu asichoweza kukikataa mgeni si nyongeza; kiingizwe katika bei ya chumba na kisemwe mapema. Kuhusu tiki ya kumtangulia mgeni, Umoja wa Ulaya uliandika katika agizo lake la haki za walaji la mwaka 2011 kwamba tiki ya namna hiyo si ridhaa, na mlaji anaweza kudai fedha yake. Bingwa anaamini waliiba wazo hilo Gongoni, ingawa yeye alilipata wiki iliyopita.

Kuna pia tarehe na taarifa ya mapema. Juisi ya embe isionekane mwezi Julai, hata kama mji umejaa miembe. Taarifa ya mapema ni muda ambao gesti inahitaji ili kutimiza ilichouza: kwa ndoo, saa moja ya kuwasha mkaa; kwa asali, siku moja ya kumpata mrina; kwa wapagazi, Stanley alikwenda pwani, na watu 57 aliowatuma kutoka Zanzibar walifika Kwihara Agosti, yaani miezi mitano. Livingstone alingoja. Wageni wa leo huandika maoni ya nyota moja.

Kodi aulizwe mhasibu.

Mwisho ni kuondoa nyongeza, na hapa hata Bingwa amewahi kuteleza. Nyongeza iliyokwisha kununuliwa haifutwi. Hufichwa, ili wapya wasiione na wa zamani waipate. Gesti ilipofungiwa hita, Bingwa aliificha ndoo siku hiyohiyo, akasahau kuwa mgeni wa chumba namba sita alikwisha kuilipia kwa usiku tatu. Bafuni maji ya moto yanamwagika bure, na mgeni anataka ndoo yake. Kwa usiku tatu Bingwa ameibeba mwenyewe, lita 20, hadi mlangoni.