Mwongozo wa Robo Saa Padova

Kabla ya yote, nunua tiketi mapema. Kikanisa cha Scrovegni, mjini Padova, kaskazini mwa Italia, hakiingiwi kwa kubisha hodi. Unapangiwa siku na saa, na ukichelewa zamu yako imepita. Kutoka Venice ni kama nusu saa kwa treni, kwa hiyo hakuna sababu ya kufika unahema. Wahi. Kunywa kahawa, nenda msalani, zima simu. Utakaa mle ndani robo saa tu, na robo saa hiyo inatosha, ukijua pa kuitumia.

Kwanza utawekwa kwenye chumba cha vioo pamoja na watu wengine ishirini na ushei. Mlango unafungwa nyuma yenu, mnasubiri dakika 15. Wapo wanaokasirika hapa, wakaanza kutazama saa zao. Wewe tulia. Pumzi zetu zina unyevu na nguo zetu zina vumbi, na hao ndio maadui wa picha za ukutani. Hewa ya chumba kile inasafishwa na kusawazishwa kabla ya mlango wa pili kufunguliwa. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa mara mbili, maana ameona unyevu unavyobabua lipu ya nyumba nzuri. Kumbuka pia kwamba kanisa la Eremitani, jirani kabisa, lilipigwa bomu tarehe 11 Machi 1944, na picha za mchoraji Mantegna zilizokuwamo zikasambaratika. Kikanisa hiki kilibaki kimesimama. Kusubiri robo saa ni ada ndogo mno.

Na ukiwa hapo umekaa, mkumbuke mtu mmoja uliyemzika. Utamhitaji baadaye.

Mlango ukifunguliwa, macho yatakwenda juu yenyewe. Yaache. Dari lote ni buluu yenye nyota za dhahabu, na hakuna awezaye kulipita kama halipo. Ukishashiba, yashushe. Kuta zina visa karibu 40, kuanzia wazazi wa Bikira Maria hadi Pentekoste, na ukutani juu ya lango kuu imo Hukumu ya Mwisho. Usijaribu kuvitazama vyote. Ukivigawia muda sawasawa kila kimoja kitapata chini ya nusu dakika, nawe utatoka na shingo inayouma. Chagua vitatu. Mimi nitakuchagulia.

Cha kwanza kiko juu kabisa, kwenye ukuta wenye madirisha. Yoakimu na Ana, watakaokuwa wazazi wa Maria, ni wazee waliokosa mtoto. Mume amefukuzwa hekaluni kwa sababu hiyo, akaenda kuishi na wachungaji. Sasa malaika ameleta habari, na wanakutana kwenye lango la mji. Wanabusiana. Tazama jinsi nyuso mbili zilivyokaribiana hata zikawa kama uso mmoja, na mkono wa Ana ulivyomshika mumewe nyuma ya kichwa. Giotto, mchoraji wa kuta hizi, alichora hivi kati ya mwaka 1303 na 1305 hivi, wakati ambapo watakatifu wengi kwenye picha walisimama wima wakitutazama sisi. Hawa wawili hawana habari na sisi.

Kisha shuka, ukuta uleule, safu ya chini. Busu tena. Safari hii ni Yuda, na joho lake la manjano limemfunika Yesu karibu mwili mzima, huku mikuki na mienge ikisimama nyuma yao kama msitu. Yesu anamtazama machoni. Wachoraji wengi wamelichora tukio hili, lakini sijaona pengine macho mawili yaliyo karibu hivyo na yaliyo mbali hivyo. Mpe Yuda dakika mbili, usimzidishie.

Hapa pumua kidogo, uuangalie ukuta wenyewe, kwa sababu kazi hii ni ya fundi lipu kabla ya kuwa ya mchoraji. Aliyewahi kutazama mafundi wa Lamu wakifanya kazi na chokaa ya matumbawe anajua kwamba chokaa haimngoji mtu. Giotto na watu wake walipaka lipu kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa kazi ya siku moja, na rangi ikaingia wakati lipu bado mbichi. Ikikauka, rangi na ukuta vimekuwa kitu kimoja. Ila buluu haikukubaliana vizuri na chokaa mbichi. Ilipakwa baada ya ukuta kukauka, ndiyo maana mahali pengine imebanduka na joho la Bikira limebaki na madoa. Usiyasikitikie madoa hayo. Ndiyo yanayoonyesha kwamba mkono wa mtu ulipita.

Aliyelipia yote haya ni Enrico Scrovegni, tajiri ambaye baba yake, Reginaldo, alijulikana kwa kukopesha kwa riba kiasi kwamba mshairi Dante alimweka motoni katika utenzi wake. Wengi husema mwana alijenga kikanisa ili kuisafisha nyumba yao. Kwenye Hukumu ya Mwisho utamwona Enrico amepiga magoti upande wa waliookoka, anakabidhi mfano wa kikanisa chenyewe. Mpite kwa heshima, uende.

Sasa geukia altare, na uufuate ukuta wa kushoto, usio na madirisha, safu ya chini. Muda uliobaki wote ni wa hapa.

Yesu ameshushwa msalabani. Mama yake amemkumbatia shingoni, uso kwa uso. Maria Magdalena ameishika miguu. Yohane ameinama na kuitupa mikono nyuma, kama mtu aliyesukumwa kifuani. Juu kuna malaika wadogo wanaorukaruka angani na kulia, kila mmoja kwa namna yake, na juu ya jabali kuna mti mmoja mkavu. Vyote hivyo utaviona mara moja. Lakini ninachokutaka ukitazame ni migongo miwili iliyoko mbele kabisa. Watu wawili wamekaa chini, wamejifunika, wametupa kisogo. Nyuso zao hazionekani. Mmoja amekipakata kichwa cha marehemu kwa mikono yake, na huwezi kujua kama analia.

Mimi niliijua picha hiyo kabla sijaiona. Shangazi aliyenilea alipofariki, basi liliharibika njiani nikafika Muheza saa nne usiku. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu. Sebuleni viti vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa, na wanawake walikuwa wamemzunguka marehemu, khanga zimewafunika vichwa, migongo yote kwangu. Hakuna aliyegeuka. Ndivyo msiba unavyoonekana kwa aliyechelewa: ni migongo ya watu. Kisha mama mmoja, ambaye hadi leo sijui ni nani, akasogea upande bila kutazama nyuma, mkeka ukabaki wazi, nikakaa.

Giotto aliliona hilo miaka mia saba iliyopita, kwenye msiba gani sijui, na akawa na ujasiri wa kuwachora waombolezaji wasio na uso katikati ya kisa kikubwa kuliko vyote alivyopewa kuchora. Mbele ya picha nyingine unasimama kama mtazamaji. Mbele ya hii umefika msibani.

Kwa hiyo usiipige picha kwanza. Usisome kijitabu. Kama umefuatana na mtu, mwambie mtazungumza nje. Sogea mpaka uwe nyuma ya migongo ile miwili, umwite kimoyomoyo yule uliyemkumbuka kwenye chumba cha vioo, na machozi yakija usiyafute haraka, hakuna atakayekushangaa. Kati ya waombolezaji wale wawili kuna nafasi ndogo, yatosha mtu mmoja. Kaa hapo mpaka mlinzi afungue mlango.