Tundu la Elfu Tano

Morogoro wanauita mji kasoro bahari. Mimi bahari siidai. Nadai maji ya bomba tu, ambayo kwangu hukatika pale nikishajipaka sabuni.

Sasa asubuhi moja ya mwezi wa saba, Bigwa kuna baridi ya kutafuta sweta, Uluguru imejifunika wingu mpaka kilele cha Lupanga hakionekani, napiga kiki pikipiki yangu naona ekzosi inadondosha maji. Tone, tone, tone, mpaka chini pakawa na kidimbwi cha ukubwa wa kisahani. Mama watoto akachungulia dirishani.

"Kumbe leo maji yametoka? Ngoja nilete ndoo."

Kosa langu likawa kupita kijiweni. Kijiwe cha bodaboda hakina mtu asiyejua. Wa kwanza akasema nimeuziwa petroli yenye maji. Wa pili akachovya kidole, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika majibu mabaya: gasketi imeungua, maji ya rejeta yanaingia kwenye injini. Nikamwambia pikipiki hii ni cc 125, inapozwa na upepo, rejeta haijawahi kuwa nayo. Akanyamaza kidogo.

"Basi ndiyo maana."

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Aliinama akaona katundu chini ya ekzosi, karibu na mwisho, kadogo kama cha kupitisha njiti ya kiberiti. "Mzee, hapa pametoboka." Nikampeleka mgonjwa kwa fundi wa kuchomelea, tundu likazibwa, nikatoa elfu tano. Kweli, pale chini hapakudondoka tena hata tone. Nikatembea na ushindi wangu wiki nzima.

Ijumaa napiga kiki, ekzosi ikakohoa. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikatema maji meusi ya masizi, yote kwenye kanzu ya jirani yangu aliyekuwa anapita nyuma kwenda msikitini. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi mpaka mikono.

Jirani ni mwalimu mstaafu wa kemia, na ualimu nadhani ni maradhi yasiyopona. Badala ya kunitukana akaanza kipindi. Petroli ikiungua haitoi moshi peke yake, akasema, inatoa na maji: haidrojeni iliyomo ndani yake inakutana na oksijeni ya hewa. Lita moja ya petroli inazaa karibu lita moja ya maji. Bomba likiwa la moto yanatoka kama mvuke, huyaoni. Likiwa la baridi, mvuke unageuka matone, kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali.

"Na lile tundu la chini, mwalimu?"

"Limewekwa kiwandani, yatokee hapo. Yakibaki ndani yanalila bomba kwa kutu."

Vijana wanaoshusha ndizi kutoka Kinole hawana shida hii, bomba lao linapata moto wa kutosha na kukauka. Mimi safari yangu haifiki dakika kumi; ekzosi haijachemka nimeshazima. Halafu nikapiga hesabu iliyoniuma kuliko kanzu, ambayo nimeifua mimi. Natia lita mbili kwa wiki. Yaani kila wiki namwaga karibu lita mbili za maji barabarani, huku nyumbani tunaoga kwa kopo.

Nikarudi kwa fundi. Nikamweleza yote, na haidrojeni yake. Alisikiliza kwa adabu, akafuta mikono, akachukua drili.

"Kutoboa elfu tatu, mzee. Ila niambie tundu liwe la ukubwa gani, maana lile la kwanza sikulipima."