Inaingia, Mzee

Miwani ya uhalisia pepe ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi: kabla haijakuonyesha dunia nyingine, kwanza inaikagua hii uliyonayo. Inakagua kompyuta, inakagua umeme, mwisho inakagua sebule. Dunia yangu ilifeli masomo yote matatu.

Miwani yenyewe ililetwa na mpwa wangu kutoka Dubai: Oculus Rift ya mtumba, toleo la mwaka 2016, yenye waya mrefu wa kutosha kuanikia nguo za familia nzima. "Anko, unachomeka tu kwenye laptopu," alinihakikishia. Tukachomeka. Laptopu ikatafakari, feni yake ikapandisha pumzi, kisha ukatokea ujumbe mwekundu: kadi ya grafiki haitoshi.

Haikuwa uonevu. Rift ilipotoka, watengenezaji walitaka kompyuta yenye kadi ya GTX 970 au zaidi, maana kila jicho lina kioo chake cha pikseli 1080 kwa 1200, na picha lazima zibadilike mara 90 kwa sekunde. Laptopu yangu iliajiriwa kuandika barua na kufungua Excel, tena Excel isiyo na mambo mengi.

"Basi tunabadilisha kadi," akasema mpwa, kwa wepesi wa kijana ambaye pesa si zake.

Kariakoo, muuzaji alishusha kadi ya kompyuta ya mezani, nene, yenye feni mbili, akailaza juu ya laptopu yangu. Ikafunika kibodi yote.

"Na hii inaingia?" nikauliza.

"Inaingia, mzee. Fundi yupo hapo juu."

Kwenye boksi paliandikwa wati 145. Nikageuza chaja yangu: wati 65, na hizo ni za laptopu nzima pamoja na kioo chake. Nilipomwonyesha, muuzaji hakutetereka. "Hizo wati ni za Ulaya, mzee. Huku joto lipo tayari, inakula kidogo."

Fundi wa juu alikuwa mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alifungua skrubu moja moja, akazipanga ndani ya kifuniko cha ndoo, akanyanyua mgongo wa laptopu na kupuliza vumbi la miaka. Kisha kwa ncha ya bisibisi akagusa kijibamba kinachong'aa, kidogo kuliko stempu. "Kadi yako ndiyo hii, mzee wangu. Imo humo humo ndani ya prosesa, na prosesa imechomelewa kwenye bodi. Nikiing'oa, hapa utabaki na sinia la kuandalia chai."

Akanieleza kwamba laptopu ambazo kadi yake hutoka zipo, za aina ya MXM, hasa zile nene za michezo na za wahandisi. Hata hizo hazikubali kila mgeni: kadi mpya lazima ilingane na kipoozeo cha zamani, na BIOS nayo iridhie. Nikamlipa hela ya kufungua na ya kufunga. Skrubu moja ikabaki. "Hiyo," akasema, "kiwandani waliweka kwa mazoea tu."

Mpwa hakukata tamaa. Akaja na habari ya kasha la nje: kadi inakaa kwenye boksi lake, inapata umeme wake, kisha inaunganishwa na laptopu kwa waya wa Thunderbolt 3 unaopitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Tundu la USB-C lilikuwepo, umbo lile lile kabisa. Kilichokosekana ni kialama cha radi pembeni yake, pamoja na vyote ambavyo radi hiyo huviwakilisha. Na kasha tupu, bila kadi, bei yake iliizidi laptopu.

Mwishowe rafiki yake alituazima kompyuta ya mezani, ikafika kwa bajaji imefungwa kwenye shuka. Likabaki somo la sebule. Makochi yakaenda koridoni, stuli zikaenda jikoni, kabati la vyombo likasukumwa ukutani huku vikombe vikilalamika. Mke wangu, Mama Salma, alisimama mlangoni. "Kumbe kwenda dunia nyingine lazima nyumba ihamishwe kwanza?"

Nikavaa. Nikajikuta juu ya ubao uliotokeza ghorofani, magari chini yangu madogo kama punje. Watoto wa jirani waliona mtu mzima ananyata juu ya mkeka, wakacheka hadi kukaa chini. Kompyuta ilipoanza kukwama, picha zikachelewa: kichwa kimeshageuka, macho bado yanasubiri, sikio la ndani linapinga, na tumbo, lisilojua limwamini nani, likaandaa ugali kwa safari ya kurudi. Nikatupa mikono juu nipate kujishikilia.

Miwani huchora uzio wa kukuonya ukikaribia ukuta. Habari za panga boi haina. Lilikuwa namba moja tu, Mungu ni mwema, ila bawa lilipinda na kidhibiti cha mkononi kikapasuka pete yake.

Wakati napakwa dawa vidoleni, mpwa akasema taratibu, "Lakini Anko, siku nyingi tu ipo miwani inayojitegemea. Haihitaji kompyuta wala waya."

"Na wewe umelijua hilo lini?"

"Nilijua dukani kule kule. Ila hii ilikuwa na punguzo."