"Donc" ya Muheto

Katika milima ya Masisi neno la Kifaransa "donc" ni la kuogopwa. Shuleni tulifundishwa kwamba linakuja baada ya sababu: hili liko hivi, lile liko vile, donc matokeo ni haya. Mwanafalsafa Descartes mwenyewe, mwaka 1637, alifikiri kwanza, ndipo akaliweka, ndipo akapata uhakika kwamba yupo. Bahati yake hakupanda pikipiki kwenda Muheto msimu wa mvua.

Motari, dereva wa pikipiki wa huku, huanza nalo. Pale Sake tulielewana bei vizuri, hata mkono tulipeana. Tulipoumaliza mpando wa Mushaki akazima injini, akapangusa kioo na kusema, "Donc." Akanyamaza. Nikajua mfuko wangu umeshahukumiwa, mashahidi hawajaitwa.

"Donc, patron, utaongeza elfu tano."

"Juu ya nini?"

"Si unaona barabara?"

"Naiona tangu Sake."

"Donc ulikuwa unajua."

Mnijibu hapo, nyie mliosoma falsafa.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja mwenye kapu la jibini, ile ya duara ya Masisi ambayo sisi wote tunaiita fromaji. (Tulikuwa watatu juu ya kiti cha wawili, lakini hilo halimshangazi mtu Kivu.) Mbele kidogo gurudumu likazama kwenye tope, tukainama upande mmoja, na fromaji moja ikaruka, ikabingirika kuteremka majani, ikiwapita ng'ombe ambao huenda ndio walioitoa. Watoto wakaikimbilia wakiimba. Mkubwa wao akarudi nayo, ameikumbatia tumboni, imepakwa udongo upande mmoja.

"Donc, mama, hii ni ya kwetu?"

"Donc baba yako alikamua lini?"

Mtoto akafikiri. Akairudisha, lakini akabaki amesimama, mkono umenyooshwa, mpaka mama akatoa kisu na kumkatia kipande. Wenzake nao wakanyoosha. Fromaji ilipoingia tena kapuni ilikuwa nusu mwezi, na motari, aliyekuwa akisukuma pikipiki peke yake muda wote huo, akakata cha kwake bila kuomba.

Muheto nilitoa zile elfu tano. Akazikagua noti moja moja juani, akitafuta iliyochanika. Nikaona nami nijaribu.

"Donc, ndugu yangu, unirudishie elfu moja."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Patron, donc ya nini? Sababu iko wapi?"