Waraka kwa Mtayarishaji wa Tamthilia

Mheshimiwa Mtayarishaji,

Naomba radhi kwa kukupotezea muda. Tamthilia yako hurushwa saa tatu usiku, wakati wengi wa hao unaowaigiza wangali wamening'inia kwenye daladala wakirudi Mbagala. Labda ndiyo maana malalamiko hayakufikii.

Utakumbuka, maana ulitamka mwenyewe siku ya uzinduzi, kwamba msimu huu tungeona maisha halisi ya mtu wa chini. Tulishukuru, na kweli tumemwona: anafungua geti. Honi inalia, anainama, gari linapita, na kamera inalifuata gari. Sikulaumu; ndivyo mlinzi anavyotazamwa hata mitaani. Lafudhi yake nayo umeichagua kwa uangalifu ili tucheke. Bosi wake, sijui kwa baraka zipi, hana kabila.

Kwa dada wa kazi umekuwa mkarimu mno. Umempa uchawi, ukampa mimba ya baba mwenye nyumba, kisha ukamwoza mtoto wa tajiri. Ulichosahau kumpa ni mshahara. Katika vipindi vyako vyote mwezi haujapata kuisha.

Naomba nikae kidogo kwa fundi mwashi, kwani kwetu tumelelewa kwa mwiko. Fundi wako alikuwa na suruali iliyopigwa pasi, akipiga lipu ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Uliahidi utafiti, nami nakuamini. Pengine siku ile saidia fundi hakuwepo wa kukueleza. Fundi huvuta kamba pembe hadi pembe, hutandika udongo, huweka tofali na kuligonga kwa mpini wa mwiko, hutazama pima maji, kisha hukwangua udongo uliofurika na kuutandika kwenye tofali linalofuata. Kozi ya matofali ikipinda, jioni inabomolewa, na saa zile hazilipwi. Mheshimiwa, hapo pana kisa kizima, na hakuna aliyelishwa sumu.

Nisikuchoshe kwa mifano ya wenzako. Wakenya, kwenye tamthilia ya "Papa Shirandula", walimfanya mlinzi kuwa mhusika mkuu. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alimwigiza hadi jina la mhusika likawa lake. Kwetu, miaka ya 1970, filamu ya "Fimbo ya Mnyonge" ilimweka mkulima maskini katikati ya hadithi. Ilikuwa na hotuba zake za siasa, sikatai, na wewe hotuba umetuepusha, pamoja na mkulima.

Nasikia msimu mpya u mbioni, na kwamba safari hii umeahidi kutukaribia zaidi. Tunakungoja. Ukipita kwenye saiti yoyote, mapema, kabla jua halijakolea, uliza aliko fundi mkuu. Utapewa ndoo uikalie. Ila uje na viatu vya kuchafuka.

Wako mtiifu,
Mtazamaji