Jinsi ya Kula Protini kwa Bidii na Kitambi Chako Kisiguswe

Wapo watu wanaoogopa kuanza kula protini kwa wingi, wakidhani kitambi walichokilea kwa miaka kitayeyuka siku mbili hizi. Waondoe hofu. Ukiufuata mwongozo huu utakula nyama kuliko simba wa Serengeti, utazungumza kama kocha, utamaliza mshahara, na shati litaendelea kukubana palepale linapokubana leo. Kipaji hakihitajiki. Inatosha kuwa na pesa na kuchukia hesabu.

Anza na kopo. Chukua lile kubwa kabisa, la ukubwa wa ndoo, lenye picha ya bwana ambaye shingo yake imehama. Liweke juu ya friji, wageni walione wakiingia tu. Ubavuni pameandikwa kwamba kijiko kimoja kina gramu 20 na ushei za protini. Usije ukakaa chini ukagundua kwamba mayai manne yanakupa kiasi hichohicho, au kwamba robo kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, ikishapikwa, inapita gramu 60. Dagaa usiwataje kabisa. Dagaa wakavu wana protini nusu ya uzito wao na zaidi, lakini wanauzwa kwa kipimo cha kopo la maziwa pale sokoni, na hakuna anayekuheshimu kwa kula dagaa.

Baada ya hapo, kiasi. Wataalamu wa lishe huwapangia watu wazima wa kawaida gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwaka 2018 watafiti walizikusanya tafiti 49 za watu 1,863 waliokuwa wakinyanyua vyuma, wakaona kwamba ukishafika gramu 1.6 hivi kwa kila kilo, protini ya ziada haiongezi tena misuli ya kuonekana. Kwa mtu wa kilo 80 ni gramu 64 kwa yule anayeishi tu, na 128 kwa yule anayetunisha misuli kwelikweli. Wewe kula 250. Mwili hauna ghala la kuweka protini ya akiba, kwa hiyo ini litaing'oa naitrojeni iliyozidi na kuigeuza urea, figo zitaitoa kwa njia unayoijua, na mabaki yake yatachomwa kama chakula kingine chochote. Utakuwa mtu mwenye mkojo wa bei mbaya kuliko wote mtaani. Hiyo nayo ni hadhi.

Katika tafiti hizohizo kuna takwimu moja ambayo wauza makopo hawaipendi. Mazoezi peke yake yaliwaongezea watu wastani wa kilo 1.1 ya mwili usio mafuta, na protini ya ziada ikachangia kilo 0.3 juu yake. Maana yake ni kwamba jirani yako anayekula ugali, maharage na mchicha, akirudi kutoka kubeba vyuma vya kuchomelea nyuma ya gereji, anakuacha mbali wewe na ndoo yako. Usimsalimie.

Kwa hiyo suala la mazoezi lishughulikie kwa uangalifu mkubwa. Jimu lipia, tena lipia mwaka mzima, maana kadi ina kazi yake pochini. Lakini ukifika pale, kaa kwenye benchi, pokea simu, jipige picha kwenye kioo, mshauri mwenzako jinsi ya kushika chuma, kisha ondoka kabla jasho halijatoka. Misuli hukua pale inapolazimishwa kubeba mzigo uliozidi mazoea yake. Hapo ndipo inaposhika protini inayopita kwenye damu na kujijenga nayo. Bila amri hiyo, unamwaga lori la mchanga kwenye kiwanja kisicho na fundi. Viwanja vya namna hiyo vimejaa Dar es Salaam, mchanga umeota nyasi na mwenye nyumba bado anapanga.

Sasa tuje kwenye kiini cha ufundi wenyewe, yaani kula zaidi ya unachotumia na kuamini kwamba protini haihesabiwi. Hapa tuna ushahidi wa hali ya juu. Watafiti wa kituo cha Pennington, Louisiana, Marekani, waliwaweka ndani watu 25 wa kujitolea na kwa wiki nane wakawalisha kalori 950 hivi kwa siku kupita mahitaji yao. Wote walizidishiwa, ila kwa mapishi matatu: kundi la kwanza lilipata asilimia 5 ya kalori zake kutoka kwenye protini, la pili 15, la tatu 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Mafuta yaliyoongezeka mwilini yalikaribiana katika makundi yote matatu: kilo tatu na nusu hivi. Waliokula protini kiduchu walipata kitambi, na waliokula protini tele walipata kitambi kilekile. Ukipenda kitambi, protini si adui yako. Kalori zilizozidi zitakifikisha nyumbani salama.

Lakini jaribio hilo lina sehemu tamu zaidi. Kundi la protini kidogo liliongezeka uzito kilo tatu tu, wakati wenzao waliongezeka sita na ushei. Ukitazama mizani peke yake utasema hao wa kwanza ndio walionusurika. Kumbe walikuwa wanapata mafuta kama wengine huku wakipoteza kilo 0.7 ya mwili usio mafuta. Kundi la asilimia 15 liliongeza karibu kilo tatu za mwili huo, na la asilimia 25 lilipita kidogo tu hapo. Nasema mwili usio mafuta kwa makusudi, kwa sababu humo mna maji na viungo vya ndani, si misuli peke yake, na watu hao hawakuwa wakinyanyua chochote kizito kuliko sahani. Basi sheria yako iwe hii: iamini mizani, na utepe wa fundi cherehani uuepuke. Mizani itakusifu siku unayopoteza misuli na kukutukana siku unayoipata. Rafiki wa namna hiyo anafaa sana kwa kazi yetu.

Tahadhari moja. Protini ina tabia mbaya ya kushibisha, na asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake huishia kwenye kazi ya kuimeng'enya yenyewe. Ukila kuku wa kuchoma na mboga za majani ukaishia hapo, unaweza kushiba mapema ukaharibu mpango mzima. Ndiyo maana akina baba wenye uzoefu huagiza kiti moto na ndizi za kukaanga, au mbavu za mbuzi zinazochuruzika, wakaziita protini. Gramu ya protini ina kalori 4. Gramu ya mafuta inayokuja nayo ina 9. Ya tatu mezani ni bia, yenye kalori 7 kwa kila gramu ya kilevi. Na usiinywe siku za mapumziko. Inywe baada ya mazoezi. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2014 kwamba wanaume waliokunywa pombe nyingi baada ya mazoezi, hata walipopewa protini pamoja nayo, misuli yao ilijijenga kwa kiwango cha chini kwa asilimia 24 kuliko walipopewa protini bila pombe.

Ukiishiwa pumzi kwenye ngazi za ghorofa ya pili, sema protini haijatosha. Watu wazito walishaamini hivyo. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba msuli unapofanya kazi unaichoma protini yake wenyewe. Mwaka 1865 Adolf Fick na Johannes Wislicenus, maprofesa wa Zurich, waliacha kula protini tangu siku iliyotangulia, wakapanda mlima Faulhorn, karibu mita 2,000 juu ya ziwa lililo chini yake, kwa vitumbua vya wanga na mafuta na chai ya sukari, huku wakikusanya mkojo wao njiani. Hesabu ya naitrojeni ikaonyesha kwamba protini waliyoichoma isingetosha kuwafikisha juu. Lakini wewe hupandi Faulhorn, unapanda ngazi, kwa hiyo endelea kulaumu kopo.

Wanaotaka kufanya kinyume cha mwongozo huu nao wamefanyiwa majaribio. Pale Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, vijana 40 walipunguziwa asilimia 40 ya kalori kwa wiki nne na kusukumwa kwenye mazoezi makali siku sita kwa wiki. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kilo walipoteza mafuta kilo 4.8 na kuongeza mwili usio mafuta kilo 1.2, waliokula gramu 1.2 walipoteza mafuta kilo 3.5 na mwili wao usio mafuta ukabaki ulipokuwa. Chakula kidogo, vyuma vingi, protini ya kutosha. Sikushauri, ni maisha ya taabu.

Mwenye ugonjwa wa figo aweke kejeli hizi pembeni, amuulize daktari wake kabla ya kugusa kopo wala nyama ya ziada. Jambo la mwisho linahusu sahani ya nyumbani. Mtu akizeeka misuli yake hupungua, na wataalamu wengi sasa wanawapangia wazee gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, juu ya kiwango cha kijana asiyenyanyua kitu. Kwenye nyumba zetu finyango kubwa zinakwenda kwa baba mwenye kitambi, na bibi anapakuliwa ugali na mchuzi kwa kuwa "meno yake hayawezi." Yai la kuchemsha halihitaji meno, maharage yaliyopondwa hayahitaji meno. Kesho muanze kumpakulia bibi.